Kitochi, Kishikwambi na Hesabu ya Rufiji

Kabla ya mwaka 1998, kifo kilichotokea nyumbani huko Bungu au Mchukwi hakikuwa na daftari la kuandikwa. Maiti ilioshwa, ikaswaliwa, ikazikwa siku hiyo hiyo, na serikali ikabaki bila habari. Takwimu zilizofika Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, kisha zikapelekwa Dar es Salaam, zilikuwa za zahanati na hospitali: nani alikuja, alikuwa akiumwa nini, alipona au alifia wodini. Asiyefika hakuwamo. Na huko Rufiji, kama ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya Tanzania ya vijijini, watu wengi walikuwa wakifia majumbani.

Novemba 1998 wadodosaji wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mradi uliowatuma uliitwa TEHIP, ukiendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na IDRC, shirika la utafiti la Kanada, katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Upande wa Rufiji walichukua kata sita zinazopakana, Bungu, Kibiti, Mchukwi, Ikwiriri, Mgomba na Umwe: vijiji 31, kaya zipatazo 17,000, watu wapatao 85,000. Kila baada ya miezi minne mdodosaji alirudi kwenye nyumba ile ile na daftari lake, akauliza nani amezaliwa, nani amehama, nani ameolewa, nani amefariki. Palipokuwa na msiba, alikuja mwingine baadaye akakaa na wafiwa, akauliza kwa upole marehemu alikuwa na dalili gani siku zake za mwisho, ili madaktari wakisoma maelezo yale waweze kukadiria sababu ya kifo.

Majibu yaliwashtua wapangaji wa bajeti. Katika hesabu za Morogoro, malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilikuwa imeitengea asilimia 5 tu. Halmashauri zikaelekeza fedha kwenye magonjwa yaliyokuwa yakiua. Nyongeza yenyewe ilikuwa ndogo, isiyozidi dola 2 kwa mtu kwa mwaka, lakini katika muda wa takriban miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Anayetaka kuelewa kwa nini simu fulani za Kibiti hukataliwa na programu mpya, aanzie kwenye kisa hiki cha madaftari. Mtu anapokaa Dar es Salaam, Nairobi au California kuamua programu yake ipokee matoleo gani ya zamani ya Android na yapi iyaache, takwimu zilizo mezani kwake ni za aina ile ile iliyokuwa ikifika Utete kabla ya 1998. Ni takwimu za waliofika.

Hata hesabu ya TEHIP ilikuwa na ukingo wake. Kata zile sita ni za nchi kavu, zimekaa kando ya barabara ya Kilwa au karibu nayo. Delta ya Mto Rufiji yenyewe, yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, hekta zipatazo 53,000 zilizokatwakatwa na mito na vijito vya maji ya chumvi, ilibaki nje. Salale, Mbwera, Msala, Kiomboni na Twasalie ni vijiji vinavyofikiwa kwa mashua na mitumbwi, na safari hupangwa kwa kutazama kujaa na kupwa kwa maji. Ni rahisi kuona kwa nini mdodosaji anayetakiwa kurudi mara tatu kwa mwaka hakupangiwa huko. Ila ukweli unabaki kwamba hata wale waliokuja kurekebisha hesabu walichora mstari, na mstari ukapita pale barabara ilipoishia.

Madaftari yaliingizwa kwenye kompyuta kwa programu iliyojulikana kwa kifupi HRS, iliyoanzia kwenye kituo cha utafiti cha Navrongo, kaskazini mwa Ghana, kwa msaada wa Population Council ya New York. HRS ilijengwa juu ya FoxPro ya Microsoft. Kwa wakati wake ilikuwa chaguo la busara: ilifanya kazi kwenye kompyuta dhaifu, haikuhitaji intaneti, na vijana wa takwimu waliweza kufundishwa na kuimudu. Lakini mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kwamba hakutakuwa na FoxPro nyingine baada ya toleo la 9, na Januari 2015 ikaacha kabisa kuihudumia. Hakuna mtu aliyezima kompyuta za watafiti siku hiyo. Kilichotokea ni kile kinachotokea kila mara mfumo unapoachwa na mwenyewe: kompyuta mpya inanunuliwa na programu ya zamani haikubali kukaa humo vizuri, fundi anayeijua anahama kazi, hitilafu inayogunduliwa leo haina wa kuirekebisha kesho. Vituo vya aina hii barani Afrika vikaanza kuhama. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyorithi kazi ya Rufiji, ilikuwa miongoni mwa waliogeukia OpenHDS, mfumo ambao mdodosaji huujaza kwenye kifaa cha Android palepale mlangoni kwa mwenye nyumba. Nchini Kenya, kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria kilikuwa kimeanza kuutumia mwaka 2012.

Kwa hiyo wakati swali la matoleo ya zamani ya simu lilipofika Rufiji, wilaya ilikuwa tayari imeonja suala lenyewe kwenye kompyuta.

Mawasiliano ya hewani nayo hayakuanza na simu za mkononi. Delta ina nafasi yake katika historia ya simu ya upepo duniani: tarehe 11 Julai 1915, manowari za Kiingereza zilipokuwa zikiipiga Königsberg, meli ya Kijerumani iliyojificha kati ya mikoko, ndege iliyopaa kutoka Mafia ilikuwa juu ikirekebisha shabaha kwa redio. Ndege ikapigwa, ikaanza kuporomoka, na mwangalizi wake, Harwood Arnold, akaendelea kutuma masahihisho ilipokuwa ikishuka kuelekea mtoni. Katika enzi ya TEHIP, miaka zaidi ya 80 baadaye, vituo vya afya vya Rufiji viliunganishwa na zahanati kwa redio kol, na msimamizi alipewa pikipiki. Redio kol ilikuwa na sifa moja ambayo watu wa programu za simu wangeitamani: ilimradi masafa ni yale yale, redio mpya ilizungumza na redio kuukuu bila kuulizana umri.

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, lakini kwa miaka mingi zilikuwa za Dar es Salaam na za wenye uwezo. Vodacom ilianza mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata, na minara ikaanza kufuata barabara kuu. Mwaka 2003 Nokia ikatoa simu ya 1100, yenye tochi kichwani na betri inayodumu siku kadhaa. Zilikuja kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Watanzania wakaziita simu za aina hiyo kitochi, na mahali ambapo umeme ni wa sola au haupo kabisa, tochi na betri vilikuwa na uzito kuliko kitu kingine chochote ambacho simu iliweza kufanya.

Kitochi hakina programu za kupakua, na hapo ndipo palipozaliwa huduma zilizofika mbali kuliko zote. M-Pesa ilianza Tanzania Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Mteja wa Vodacom hubonyeza *150*00#, orodha ikatokea, akachagua. Orodha ile haikai ndani ya simu. Inatoka kwenye mitambo ya kampuni na kurudi huko, simu ni kioo cha kuisomea tu. Mwaka 2009 mradi wa SMS for Life ulianza majaribio Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, ambako wahudumu wa vituo vya afya walituma kila wiki, kwa ujumbe mfupi, idadi ya dawa za malaria zilizobaki. Walikuwa na vituo 129. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa ya malaria. Wiki ya 21 vilibaki asilimia 26. Novemba 2012 ikaja Wazazi Nipendeni, ambayo mjamzito alijiunga nayo kwa kutuma ujumbe wa bure kwenda 15001. Katika huduma hizi zote hakuna aliyelazimika kuuliza simu ya mtumiaji ni toleo gani. Kima cha chini kilikuwa simu yoyote inayoshika mtandao, hata ile iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

Mambo yalianza kuwa magumu pale programu zilipohamia ndani ya simu yenyewe. Mwaka 2007 watafiti akiwamo Brian DeRenzi walijaribu mkoani Mtwara mwongozo wa kumtibu mtoto mgonjwa uliowekwa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi. Mwaka uliofuata programu ya CommCare ikajaribiwa Dar es Salaam na wahudumu wa afya ya jamii, kwenye simu za Nokia zenye Java. Java iliahidi kwamba programu moja ingefanya kazi kwenye simu zote. Haikuwa hivyo: kioo cha simu moja kilikuwa kidogo kuliko cha nyingine, kumbukumbu zilitofautiana, vitufe vilikaa mahali tofauti, na waandishi wa programu wakajikuta wakipima modeli moja baada ya nyingine. Opera Mini, kivinjari cha intaneti, ndiyo iliyopata njia ya kupita: kurasa za intaneti zilichakatwa kwenye seva zake kwanza, zikabanwa, ndipo zikatumwa kwenye simu. Kwa Watanzania wengi wa wakati huo, hiyo Opera ndiyo iliyokuwa intaneti yenyewe.

Kisha likaja tukio ambalo wauza simu hawajalisahau. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia mitandao simu zote zenye namba za utambulisho bandia. Wananchi walikuwa wametangaziwa miezi mingi kabla. Mtu alibonyeza *#06#, akapata namba ya IMEI yenye tarakimu 15, akaituma kwenda 15090, na jibu likamwambia simu yake ni halali au la. Serikali ilikuwa na sababu: wizi wa simu, uhalifu, vifaa visivyokidhi viwango. Lakini simu bandia ndizo zilizokuwa rahisi kuliko zote, na aliyenunua simu rahisi kuliko zote alikuwa ndiye mwenye uwezo mdogo wa kununua nyingine. Hata hivyo jambo moja katika uamuzi ule linastahili kusifiwa. Ulikuwa na tarehe, ulitangazwa redioni kwa Kiswahili, na kila mtu aliweza kujipima mwenyewe, hata kwa kitochi, kabla ya siku kufika.

Kampuni za programu hazikutangaza hivyo. WhatsApp, ambayo kwa wafanyabiashara wa kaa, kamba na samaki wa pwani imekuwa soko, posta na benki ya kumbukumbu kwa pamoja, iliacha kuhudumia simu za Symbian mwishoni mwa Juni 2017 na Nokia za S40 mwishoni mwa 2018. Simu za Windows zikafuata mwishoni mwa 2019. Februari 2020 ikaaga Android 2.3.7, Novemba 2021 ikaaga 4.0.4, na Oktoba 2023 ikataka angalau Android 5.0. Tarehe hizi ziliandikwa kwenye tovuti ya kampuni. Mwenye simu huko Twasalie alizijua siku ujumbe ulipogoma.

Kisa cha simu za KaiOS kinaumiza zaidi. Mfumo huu ulibuniwa makusudi kwa ajili ya watu wa katikati: simu ya vitufe, betri ya kudumu, lakini yenye intaneti na WhatsApp. Vodacom Tanzania iliuza ya kwake kwa jina la Smart Kitochi. WhatsApp ilifika kwenye simu za KaiOS nje ya India mwaka 2019. Juni 2024 ikaondolewa kwenye duka la programu la mfumo huo, na mapema mwaka 2025 ikaacha kufanya kazi hata kwa waliokuwa nayo. Mtu aliyeambiwa kwamba hii ndiyo simu janja ya bei nafuu, akaamini, akanunua, alipewa miaka isiyozidi sita.

Ni vizuri kuutazama uamuzi wenyewe jinsi unavyofanyika, kwa sababu mara nyingi hauna nia mbaya. Mwandishi wa programu anapoanza mradi mpya wa Android, chombo anachotumia humtaka achague toleo la chini kabisa, na palepale humwonyesha asilimia ya vifaa duniani vitakavyoweza kuitumia programu yake. Akichagua toleo la juu kidogo anapoteza asilimia moja au mbili, na kazi inakuwa nyepesi. Programu ikishakuwa sokoni, Google humpa takwimu nyingine: watumiaji wake wana matoleo gani. Akiona wenye Android 5 wamebaki wachache, anaifunga. Agosti 2023 Google yenyewe iliacha kuhudumia Android 4.4 katika huduma zake za msingi, ikieleza kwamba vifaa vya toleo hilo vilikuwa vimeshuka chini ya asilimia 1. Lakini miaka miwili kabla, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetangaza kwamba vifaa vya Android vinavyotumika duniani vimezidi bilioni 3. Asilimia 1 ya bilioni 3 ni milioni 30.

Na asilimia hizo ni za nani? Ni za vifaa vinavyoingia kwenye duka la Google mara kwa mara, vikiwa na bando na akaunti. Simu inayowashwa intaneti siku ya mnada tu, au inayopokea programu kutoka kwa simu ya rafiki kwa Xender bila kupitia dukani, au ambayo fundi aliiflashi bila huduma za Google, haionekani vizuri au haionekani kabisa. Mtu aliyejaribu kupakua programu akaambiwa kifaa chake hakifai hahesabiwi kama mtumiaji aliyepotea, kwa kuwa hakuwahi kuwa mtumiaji. Kila toleo linapofungiwa, takwimu za mwezi unaofuata zinathibitisha kwamba uamuzi ulikuwa sahihi, maana waliofungiwa wameshatoka kwenye hesabu. Daktari wa Utete wa mwaka 1997 aliyesoma rejista ya wodi alikuwa na tatizo hili hili, na tiba yake iliyofanya kazi ilikuwa kwenda kuuliza majumbani.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Simu ya zamani ina hatari za kweli. Android za kabla ya 5.0 haziwashi zenyewe TLS 1.2, njia ya kusimba mawasiliano ambayo mabenki huitegemea, na viwango vya kampuni za kadi za malipo vilitaka TLS ya kwanza iachwe ifikapo 30 Juni 2018. Programu ya fedha inayokubali simu isiyolindwa inamweka mwenye simu mahali pabaya kuliko kumkataa, kwa sababu atakayeibiwa ni yeye. Kuna pia gharama. Kila toleo linalopokelewa lazima lipimwe, na timu ya watu watatu haiwezi kupima kila kitu. Mwenye kuijua kazi hii hawezi kudai kwamba kila simu ipokelewe milele.

Lakini zipo timu zilizoonyesha kwamba kati ya kupokea na kukataa kuna nafasi. Let's Encrypt, taasisi inayotoa bure vyeti vya usalama kwa mamilioni ya tovuti, ilitangaza Novemba 2020 kwamba cheti kilichokuwa kikiibeba kingekwisha muda mwaka unaofuata, na simu za Android za kabla ya 7.1.1 zisingekitambua kile kipya. Kwa hesabu yao zilikuwa theluthi moja ya Android zote, na zingeanza kuona onyo badala ya ukurasa. Kabla ya Desemba kwisha, walikuwa wamepata njia. Waligundua kwamba Android haikagui tarehe ya mwisho ya cheti kikuu kilichomo ndani yake; basi wakaiomba IdenTrust, mwenye cheti cha zamani, isaini kile kipya kwa muda unaovuka tarehe hiyo. Simu zile zikapata miaka mitatu zaidi. Hakuna mtu wa Kibiti aliyesikia habari hii, na ndivyo inavyotakiwa: siku ya 30 Septemba 2021 ilipofika, tovuti zilifunguka kama kawaida.

ODK ni mfano mwingine, na huu uko karibu na nyumbani. Programu hii ya kukusanya takwimu ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, chini ya Gaetano Borriello, na ndiyo waliyoitumia vijana wa mradi wa Ramani Huria kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika. Kwa miaka mingi ilishikilia Android za zamani kuliko programu nyingi za rika lake, na matoleo yake ya nyuma yamebaki wazi kwa yeyote anayetaka kuyapakua. Mdodosaji hujaza fomu bila mtandao, akifika penye mnara anazituma. Cha ajabu ni kwamba kilichoisumbua zaidi kilitoka upande wa simu mpya: Android ilipobadili sheria za mahali ambapo programu inaweza kuhifadhi mafaili, ODK ililazimika mwaka 2020 kuhamisha fomu na majibu kutoka kwenye folda ambayo wasimamizi wa takwimu waliizoea kwa miaka. Mwenye kuhudumia simu kuukuu na mpya kwa wakati mmoja huvutwa kutoka pande zote mbili.

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo uliopita, imeshuhudia suala hili pia kwa njia ya vifaa vya serikali. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanyika nchi nzima kwa vishikwambi, na baada ya kazi vikagawiwa walimu. Lilikuwa jambo jema. Mwalimu wa kisiwani akapata kifaa ambacho asingekinunua. Ila vishikwambi hivyo vilinunuliwa kwa mkupuo, na vilivyonunuliwa pamoja huzeeka pamoja. Mfumo wowote wa elimu utakaopandisha kima chake cha chini juu ya toleo lililomo humo utawafungia nje walimu kwa maelfu siku moja, na huko Dodoma itaonekana kwenye skrini kama upungufu wa taarifa kutoka shule fulani.

Kwa upande wa afya mzigo ni mkubwa zaidi. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, watakaoandaliwa kwa miaka mitano, wakitumia mfumo wa simu kuandikisha kaya na kuwapa wagonjwa rufaa. Rufiji iliwahi kuwa na wahudumu wa namna hii: mradi wa Connect, ulioanza mwaka 2011 katika vijiji 101 vya Rufiji, Kilombero na Ulanga, uliwafunza wahudumu walioitwa WAJA kwa miezi tisa na kuwalipa mshahara. Safari hii hesabu ya mhudumu haiko kwenye daftari tena. Simu ikifa, au ikikataa toleo jipya, kaya zake zinatoweka kwenye ramani ya wilaya hadi apate nyingine.

Minara inaongezeka. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, na kuipandisha mingine 304 kutoka mawasiliano ya sauti na ujumbe kwenda kwenye intaneti yenye kasi. Ila mnara wa 4G hauifanyi simu ya 2G iwe nyingine. Hii ndiyo sababu m-mama, mfumo wa kumsafirisha mjamzito mwenye dharura ulioanzia Sengerema na Shinyanga mwaka 2013 na kusambazwa kitaifa kuanzia mwaka 2022, ulijengwa vizuri pale ulipohitaji kujengwa vizuri. Programu na ramani ziko kwa wanaopanga usafiri. Nyumbani kinachotakiwa ni kupiga 115, bure, kwa simu yoyote.

Kwa programu zisizoweza kufanya hivyo, na zipo nyingi, kazi ya kwanza ni kuhesabu upya. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulimuuliza mhojiwa kama ana simu ya mkononi, na kama ni simu janja. Ni mwanzo mzuri, ila jibu la "ndiyo" linachanganya Android 4.4 yenye kioo kilichopasuka na simu iliyotoka dukani jana. Yanafaa kuongezwa maswali matatu: toleo la mfumo ni lipi, nafasi iliyobaki ni kiasi gani, na simu inatumiwa na watu wangapi katika kaya. Wizara, halmashauri na kampuni za simu zinaweza kuyauliza kwenye kata za bara na za delta kwa uzito ule ule, na kuyachapisha ili mwandishi wa programu aliye Kijitonyama, Dar es Salaam, awe na kitu cha kuweka kando ya asilimia anazopewa na Google. Toleo la Android liko kwenye mipangilio, sehemu ya mwisho, panapoandikwa kuhusu simu. Mdodosaji wa Mbwera anaweza kulinakili kabla hajafika kwenye swali la vyandarua.